Godoro Lenye Mifupa

Wanafunzi walipoondoka, nilikosa mahali pa kujificha.

Kabla ya hapo sikujua hata kwamba nilikuwa najificha. Chuo kikijaa vijana wanaobishana ngazini, wanaopiga mpira nyuma ya bweni na kugombea kitabu kimoja maktabani, mtu mwembamba mwenye miwani haonekani. Ukitaka kumkwepa mtu, unahamia tu nyuma ya bega la mwenzako. Lakini Julai ilifika na baridi yake, ile baridi ya Lubumbashi inayokufanya uvae soksi kabla ya kufumbua jicho la pili. Wazungu walipanda ndege kwenda kwao, wakisema wanakwenda kutafuta jua. Sisi weusi tulikuwa wachache, tulitosha kwenye meza za pembeni za chumba cha kulia, na karibu wote walipanda treni, wengine kwenda Kasai, wengine kaskazini. Niliwasaidia kubeba masanduku hadi stesheni, nikapunga mkono mpaka behewa la mwisho likapotea nyuma ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba iliyoyeyushwa, kisha nikarudi kwa miguu. Kwenye korido ya bweni nilisikia viatu vinanifuata. Vilikuwa vyangu.

Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeanguka. Kwa utaratibu wa Wabelgiji, aliyeshindwa mtihani wa Julai alipewa nafasi ya pili Septemba, na likizo yote aliruhusiwa kukaa bwenini ili apate taa na utulivu. Nilianguka somo moja tu, nalo lilikuwa mantiki. Msomaji acheke sasa, maana huko mbele tutakuwa na shughuli.

Utulivu wenyewe ulidumu mpaka wanawake walipokuja. Kila likizo chuo kiliwaita akina mama wa chumba cha ushonaji cha masista waje kutengeneza magodoro. Waliyafumua, wakatoa sufi, wakaitandaza juani na kuipiga kwa fimbo, wakafua vitambaa vyenye milia, wakatia viraka, wakajaza tena na kushona. Uwanja mzima ulijaa sufi ikiruka kama ukungu uliokosa njia. Nilifungua dirisha la chumba changu siku ya kwanza ili nitazame, kijana msomi anayependezwa na kazi za watu, na katikati ya wale akina mama niliona mgongo ambao niliufahamu kutoka kanisani. Nilifunga dirisha kwa nguvu hata kioo kikalia.

Alikuwa mama wa mchumba wangu.

Kwetu kaskazini, upande wa Kongolo, mwanamume anayechumbia haonani na mama mkwe wake mpaka mahari imekamilika na kuku wa kufungua macho amechinjwa. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hakai alipokaa, halitamki jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini na kuugeukia mti mpaka apite. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, ila ni heshima kubwa kiasi kwamba haiwezi kukaa chumba kimoja na mwenyewe. Na kanisani mambo yalikuwa rahisi: wanawake upande wao, wanaume upande wetu, na Mungu katikati.

Ningeweza kuchukulia jambo hili kwa wepesi kama si mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba wa mchumba wangu, fundi wa reli, alikuwa amekwisha fariki, lakini hata kama angekuwa hai, neno la mwisho lingekuwa la mjomba, kaka wa mama mkwe, aliyekuwa katekista huko Kongolo. Mjomba huyu hakunitaka. Aliamini shule ya Wazungu humwosha mtu haya kama sabuni inavyotoa rangi kwenye kitambaa kibaya, na tayari alikuwa na mtu wake, muuguzi wa misheni, mwenye baiskeli. Tatizo lake lilikuwa kwamba alikuwa amekwisha kula mbuzi wangu wa kwanza. Mtu aliyekula mbuzi hawezi kukataa hivi hivi. Lazima apate kosa. Alisema atangoja hadi mwisho wa kiangazi, kisha atapanda treni aje Lubumbashi kutoa neno lake mwenyewe.

Kwa hiyo alihitaji kosa moja tu, na sasa kosa hilo lilikuwa linashona magodoro chini ya dirisha langu.

Kesho yake asubuhi nilitoka kwenda kunawa, nikakata kona ya bweni, nikamwona anakuja na ndoo kutoka bombani. Yeye alikuwa anatazama chini, nadhani. Sikungoja kuhakikisha. Nyuma ya bweni letu palikuwa na kichuguu, kimoja cha vile vya kwetu vinavyopita nyumba kwa urefu, na wajenzi walikiacha kwa sababu kukibomoa kungewachukua muda mrefu kuliko kujenga chuo. Nilikizunguka kwa mbio na mswaki mdomoni, nikaegemea udongo, nikitweta. Huko nilimkuta zamu, yaani mlinzi wa bweni, akiota jua.

Zamu alikuwa mtu wa palepale. Kijiji cha baba yake kilikuwa mahali ambapo Wazungu sasa walicheza gofu, na alipenda kusema kwamba yeye hakuhamia mjini, mji ndio uliomhamia.

"Unakimbia nani, mwana?" akaniuliza.

"Mama-bukwe, baba."

"Eko na panga?"

"Hapana."

"Eko na bulozi?"

"Hapana, baba! Ni heshima."

Alicheka mpaka akashika kichuguu. "Bantu ba nord! Shiye hapa tunaheshimu mama-bukwe na kumulimia shamba. Banyinyi munamuheshimu na mbio."

Hata hivyo alikuwa mtu wa huruma, na alipenda sukari. Tulipatana kwamba nitakuwa namletea vipande vya sukari kutoka chumba cha kulia, naye, aliyekaa siku nzima pale penye pembe ya jengo ambapo pande zote mbili huonekana, atapuliza firimbi yake ya wezi kila mama mkwe anapoelekea upande wangu. Nilirudi chumbani nimeridhika. Nilikuwa na mlinzi, nilikuwa na ishara, nilikuwa na kichuguu. Napoleoni hakuwa na zaidi.

Jumapili baada ya misa nilikutana na mchumba wangu karibu na ukuta wa kanisa, mbele ya watu, kama ilivyopasa. Alikuwa anasomea ualimu kwa masista na tayari alikuwa na lile jicho la kuhesabu watoto.

"Banasema unalala ndani ya kichuguu," alisema.

"Ninasoma huko."

"Unasoma nini?"

"Mantiki."

"Na hiyo mantiki inasema nini juu ya muntu mwenye kukimbia mama ya muchumba yake na mswaki mukinywa?"

Nilitaka kujibu, lakini uso wake ulibadilika. Akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Sikia. Mujomba ametuma neno kwa muntu wa treni. Atafika mwisho ya mwezi wa munane. Amesikia kama mama anatumika kule kwenu. Amefurahi, unanisikia? Mujomba amefurahi! Anasema, bon, sasa tutaona kama ile etudia eko na haya. Ataenda kule kwa kazi, ataulizia bale bamama. Mumoja tu akisema alikuona na mama nafasi moja, minarudi naye Kongolo. Ile munganga na kinga yake anangojea."

Etudia ndiye mwanafunzi, yaani mimi, na kinga ndiyo baiskeli. Alivyoitamka, nilijua kwamba hakuipenda.

"Usimuone mama," alisema. "Hata kisigino."

Basi likizo ile niliishi kama panya mwenye shahada. Nilijifunza kikohozi cha mama mkwe, kikavu, chenye mapigo mawili, kwa sababu ya sufi. Nilijua saa ya akina mama kula viazi na saa ya kuteka maji. Nilitoka kwa dirisha la nyuma, nikaingia kwa dirisha la nyuma, na suruali yangu ya pekee ya heshima ikaota tundu mahali ambapo heshima hukaa. Firimbi ikilia, niliacha chochote, kalamu, kijiko, sentensi katikati, nikakimbia. Wakati mwingine ililia mara nyingi asubuhi moja, na sikuelewa kwa nini mama yule alipenda kutembea hivyo. Nilidhani labda mjomba amemtuma anitafute. Wazo hilo lilininyima usingizi kuliko mtihani.

Siku moja, nikiwa nimejibanza chini ya dirisha, nilisikia wenzake wakimchokoza.

"Mama, bukwe yako iko namna gani? Banasema anavaa miwani."

"Sijue," alijibu. "Miye ninajua viatu yake tu. Inaliaka kwii, kwii, sawa mulango ya sakristia. Nikiisikia ninatoka."

Wakacheka wote. Mimi nilivua viatu nikavishika mkononi. Ningekuwa nimefuzu somo langu ningetafakari yale maneno: anayesikia viatu vyangu na kutoka, anatoka kwenda wapi? Lakini nilikuwa nimeanguka somo hilohilo, na nikatambaa peku hadi kwenye kichuguu.

Agosti ikaisha. Baridi iliondoka, upepo ukaja, na kama kila mwaka watu wakaanza kuchoma majani porini. Asubuhi ile mjomba aliposhuka kwenye treni, anga ilikuwa ya kijivu na vipande vya majivu meusi vilielea juu ya mji mzima. Habari zilinifikia kupitia kwa mpishi wa chuo kwamba katekista mmoja mrefu mwenye koti la mvua, kiangazi hiki chote kikavu, ameonekana akiuliza njia ya kwetu. Nilichukua kitabu nikaenda kwenye kichuguu. Moto ulikuwa umefika kwanza. Majani yote ya nyuma ya bweni yalikuwa yanaungua kwa sauti ya karatasi inayokunjwa, na kichuguu changu kilisimama katikati kikiwa cheusi na uchi, hakimfichi hata mjusi.

Nilirudi ndani. Nilikuwa nimesimama katikati ya korido, sijui niende wapi, firimbi ilipolia. Haikuwahi kulia vile: ndefu, ikakatika, ikalia tena.

Mwisho wa korido palikuwa na chumba cha magodoro. Kilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili, mmoja wa korido na mwingine wa uwanjani, na madirisha yake yalikuwa na nondo na vibao, yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Magodoro yaliyokwisha kushonwa yalisimamishwa kwa ubavu kando ya kuta, kama watu wanaongoja daktari. Niliingia, nikafunga mlango taratibu. Sekunde ileile nikasikia mlango wa uwanjani unafunguliwa, unafungwa, taratibu vilevile.

Kisha viatu vya mkubwa wa bweni, Mbelgiji aliyependa shuka nyeupe kuliko watu, vikaja kwa kasi. Alikuwa anafoka juu ya majivu: nani anaacha milango bila ufunguo, magodoro yangu, magodoro yangu safi! Ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa korido. Akazunguka nje akiendelea kufoka, ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa uwanjani. Gari lake likawaka likaenda zake mjini.

Halafu, upande wa pili wa magodoro, kikohozi kikavu chenye mapigo mawili.

Niligeukia ukuta haraka hata pua ikagonga chokaa. Nyuma yangu nilisikia kitenge kikigeuka nacho. Tulisimama hivyo, mkwe na mama mkwe, kila mmoja na ukuta wake, na katikati yetu safu ya magodoro.

Kwetu, wakwe wakilazimika kusemezana, hupitishia maneno kwa mtu wa tatu, hata kama ni mtoto. Hapakuwa na mtu wa tatu. Sijui mila inasemaje juu ya hali kama hiyo. Nadhani mila haikuwa imefikiria ufunguo wa Mbelgiji. Kisha sauti ikatoka, ya chini na yenye adabu nyingi:

"Matela."

Matela ndilo godoro, na njo ni ndiyo, kwa maneno ya kwetu mjini.

"Matela, weye njo mwenye nyumba, shiye tuko bageni. Uliza ule muntu wa kule: nani alimuita humu?"

Sikuwahi kuisikia sauti ile ikinielekea. Nililiambia godoro lililokuwa karibu nami: "Matela, umuambie mama kama firimbi njo ilinileta."

Upande wa pili sauti ilipanda kidogo.

"Firimbi ya zamu?"

"Njo ile."

"Matela," sauti ilisema, na sasa ilitetemeka, sikujua kwa hasira au kwa nini, "hata miye firimbi njo ilinileta. Tangu mwezi wa saba ninamupikia ule zamu viazi, asiache nikutane na ule muntu. Akitokea, anipigie firimbi, nitoke. Ee Leza! Amekula viazi yangu."

"Na sukari yangu," niliambia godoro.

Ndipo nilipoielewa likizo yangu yote. Firimbi moja, watu wawili. Kila nilipokimbia, naye alikimbia. Kila alipokimbia, zamu, mtu mwaminifu kwa sukari na kwa viazi, alinipigia mimi tena. Tulikuwa tumezungushana bwenini miezi miwili kama mbwa na mkia wake. Kule nyuma ya magodoro nikasikia sauti ya kitu kinachozibwa kwa kitambaa. Alikuwa anacheka. Hakucheka sana.

"Matela, umuambie yaya yangu, ule katekista, anakuya hapa mchana huu. Njo saa yenyewe. Akitukuta, hatauliza juu ya firimbi."

Nilijua. Nilijaribu nondo za dirisha bila kugeuka, kwa mkono wa nyuma. Hazikutikisika. Jasho lilinishuka ndani ya miwani.

"Matela," sauti ilianza tena baada ya kitambo, "kwa sababu tuko hapa, uliza: banasema ule muntu alianguka. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alianguka kitu gani?"

"Mantiki."

"Ni nini?"

"Ni elimu ya kujua neno gani linafuata neno gani."

"Na alianguka."

"Alianguka, matela."

Akafikiri. "Bon. Hata hivyo hafiche maneno. Ile munganga, mwaka jana alianguka na akasema alikuwa na malaria."

Sijapata sifa nyingine kama ile katika maisha ya usomi. Sikupata nafasi ya kuifurahia, kwa maana firimbi ililia nje, karibu kabisa na mlango, fupi-fupi, ya mtu anayekata tamaa. Kisha sauti nene, ya misa na mahubiri:

"Wacha kelele! Juu ya nini unapigapiga hii kitu? Dada yangu iko wapi?"

"Iko ndani, baba katekista," zamu alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Iko PEKE YAKE. Bwana alimufungia bila kujua. Ngoja nitafute ufunguo. Niko na ufunguo mingi. Si hii. Hata hii si yenyewe."

Alijaribu funguo zote alizokuwa nazo, na nadhani baadhi alizijaribu mara mbili. Huo ulikuwa ukarimu wa mwisho wa sukari.

"Matela!" sauti ya mama mkwe ilinong'ona kwa haraka. "Kule kwa ukuta kuna mufuko haujajazwa. Ule muntu aingie. Mbio!"

Kulikuwa na kitambaa cha godoro, chenye milia, kimeshonwa pande tatu. Nilikivaa kutoka kichwani, nikajisukumia sufi kifuani na mabegani, nikajibana katikati ya magodoro mawili, uso ukutani. Mlango ukafunguka. Mwanga uliingia kupitia milia.

"Mwana mama," mjomba alisema.

"Yaya. Karibu. Safari ilikuwa nzuri?"

"Treni ilijaa bageni na kuku. Ule etudia iko wapi?"

"Sijue, yaya."

"Mumekutana?"

"Yaya, kwa jina ya Maria Mutakatifu, tangu nianze kazi hapa sijamuona uso."

Ilikuwa kweli. Alisema kweli tupu, nami ndani ya kitambaa nilitamani kupiga makofi.

"Hata bale bamama benzako banasema hivyo," mjomba alinung'unika, na nikasikia kwamba hakufurahi. Alikuwa amesafiri njia yote ile, na kosa halikuwa limemngoja stesheni. Alianza kutembea chumbani. "Njo hii kazi bazungu banakupatia? Tuone kama imeshonwa vizuri."

Alikuwa na fimbo. Alipiga godoro la kwanza: puf. Akasikiliza, kama mtu anayenunua maboga. Akapiga la pili: puf. La tatu. Alikuwa anakuja upande wangu, na baada ya kila pigo alikaa kidogo, akanusa vumbi, akasogea. Puf. Niliuma kitambaa. Puf, jirani yangu wa kushoto.

Kisha bega langu.

Sikulia. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Hospitalini sindano hunitoa machozi hadi leo. Lakini sauti haikuwa puf.

Mjomba hakusogea.

"Matela hii," alisema polepole, "iko na mifupa."

"Sufi ya mwaka huu iko na mbegu mingi, yaya," mama mkwe akasema.

"Mbegu ya mabega?"

Fimbo ikashuka tena, chini zaidi. "Na mbegu ya magoti?"

Kule mlangoni zamu alipatwa na kikohozi. Nilingoja kitambaa kivutwe kichwani, niliona tayari treni ya Kongolo, mchumba wangu dirishani, na muuguzi na baiskeli yake stesheni akipiga kengele. Badala yake nikasikia mifupa ya mzee ikilalamika: mjomba alikuwa anachuchumaa. Ncha ya fimbo ikagusa kisigino changu. Kitambaa hakikufika chini. Nilikuwa nimesahau viatu.

"Inavaa viatu," alisema. Ncha ya fimbo ikafuata pembeni ya kiatu, kutoka kisigino mpaka kidoleni, na kidole kilikuwa kimegusa ukuta. "Inaangalia ukuta."

"Tangu iingie," alisema mama mkwe. "Haikugeuka hata mara moja. Na hata miye sikugeuka."

Akainuka. Alipumua kwa pua, kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. Kisha akasema, si kwa dada yake, na si kwangu:

"Matela, sikia. Nilipanda treni juu ya kutafuta kosa ya muntu. Kama ningemukuta humu anaangaliana na dada yangu, leo hii ningerudi na mutoto wetu. Lakini simuoni muntu. Ninaona matela. Nitafanya namna gani? Nitaita bakubwa ba ukoo, niwaambie ninashitaki matela? Bantu ba Kongolo batanicheka mpaka Pasaka."

Alitembea hatua kadhaa kuelekea mlangoni, akarudi.

"Lakini matela yenye kuingia kwa nyumba ya bamama lazima itoe mbuzi mbili juu ya ile ya kwanza. Dume na jike. Na hii," akanipiga bega lilelile, sawasawa, bila chuki, "ni juu ya shule."

Wakatoka wote. Nilibaki nimesimama vile vile mpaka zamu alipokuja kunifumua. Alinitoa sufi masikioni, akanitazama kwa huzuni.

"Mwana, banyinyi bawili munanichokesha sana," alisema. "Minaomba mwaka ujao uchumbie muntu wa hapa."

Septemba nilifaulu mantiki, kwa alama za huruma. Mvua ya kwanza ilinyesha, wanafunzi walirudi na masanduku yao na ngozi zao za jua, na nikawa tena mtu mwembamba nyuma ya mabega ya watu. Mbuzi walitolewa, dume na jike. Kuku wa kufungua macho alichinjwa, na siku hiyo nikamwona mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza. Yeye alitazama miwani yangu, akamgeukia bintiye, akasema, "Ah. Njo vile."

Sasa anaishi nasi katika mtaa wa Kampemba. Tunaruhusiwa kusemezana, na padri amemweleza hivyo zaidi ya mara moja, lakini yeye alizoea. Akitaka kujua kama nimelipia maji, anaiuliza redio. Nami huijibu redio.

Godoro letu alilishona yeye, la milia, zawadi ya harusi. Na mjomba, mpaka alipozeeka asiweze tena kupanda treni, kila alipofika kwetu alipita kwanza chumbani bila kumsalimia mtu, akalipiga fimbo moja, akainamisha kichwa na kusikiliza. Akishasikia puf, ndipo alipokuja sebuleni kutuamkia.